Waipa za Taa Nilizozichomoa

Ndanu mwanangu,

Uko kwa kina Halima unapakwa hina, nami nimesimama karakana naandikia juu ya boneti ya Volvo, maana meza imejaa spana na sina nguvu ya kuziondoa. Ni alasiri. Sitakuandikia habari za kufunga sanduku kwa kamba wala za kutokula vya barabarani. Shangazi yako wa Mwingi atakwambia hayo yote mtakapopita kwake kesho mkienda chuoni Nairobi, kisha atayarudia ukiwa mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jibu la swali uliloniuliza.

Mwezi wa tatu, tulipokuwa tunafungua taa ya kulia ya gari hili, uliingiza mkono nyuma yake ukatoa waya wenye plagi iliyochomolewa. Ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi mara nyingi, ikawa kama kidole chenye jeraha. Ukaniuliza, "Baba, nani aliichomoa hii?" Nikakujibu kwamba pengine ni yule Mzungu wa visima aliyekuwa nalo kabla yetu. Ukasema, "Alijua kufunga tepu vizuri," ukaendelea na kazi yako. Nilikuwa nimeshika bisibisi, na nilibaki nimeishika hivyo hivyo hadi uliponiomba nikupe.

Ni mimi, Ndanu. Mimi ndiye niliyeichomoa na kuifunga tepu. Na kwa sababu hiyo mama yako hayupo.

Nimeliandika, na hakuna kilichotokea. Usifikiri baba yako ana moyo wa chuma. Nimekufa ganzi tangu siku ile, na nakwambia kama vile ningekwambia kwamba betri imekufa, bila huzuni wala majivuno. Watu waliona sikulia matangani wakasema Mutua ni mwanamume kweli. Haikuwa uanaume. Nilingoja kilio kije, nacho hakikuja, mwisho nikaacha kukingoja.

Sasa nikusimulie tangu mwanzo, kwa sababu habari hii unaijua nusu, na nusu hiyo niliitengeneza mimi.

Yule Mzungu alikuwa mtu wa Uswidi, mpole, alikuja kuchimba visima upande wa Tarbaj. Alipomaliza kazi yake aliniachia gari hili kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Lilipofika Garissa watu walitoka madukani kuja kulitazama, wala hawakujali injini wala viti, walikuja kuona waipa za taa. Mbili ndogo, kila moja imelala chini ya taa yake, urefu wa kiganja. Ukibonyeza ile swichi ya kurushia kioo maji, na taa nazo zinarushiwa maji na kufagiliwa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. "Gari lina kope kunishinda mimi!" alisema. Hilo nadhani unalikumbuka, kwa maana ulilirudia mtaani mwezi mzima.

Huko kwao waipa hizo ni za theluji. Huku nilidhani ni urembo tu, hadi Hassan alipoanza kuliendesha gari kwenye msafara wa Dadaab.

Wewe unamjua Hassan unayemwita Adeer, yaani ami, wa mkokoteni wa punda, anayetuletea maji kila asubuhi. Hassan wa zamani alikuwa dereva, na sijaona dereva mwingine kama yeye. Alilichukua gari hili kubeba abiria kati ya Garissa na Dadaab, na kila Ijumaa alimrudisha mama yako kutoka kule alikokuwa akifundisha. Unajua jinsi magari yanavyokwenda upande huo: yanafuatana, askari mbele na nyuma, na anayesimama anaachwa. Kuachwa peke yako huku majambazi wa shifta wako porini si jambo la mchezo. Kwa hivyo kiangazi kila gari linakula vumbi la lililo mbele yake, na mvua ikinyesha linalishwa tope. Taa zikijaa tope, dereva hawezi kushuka na kitambaa. Ndiyo maana Hassan alizipenda zile waipa kuliko kitu chochote garini. Madereva wengine walimwonea wivu.

Zilipoanza kukwama alikuja kwangu moja kwa moja.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili chake kinachogeuza P kuwa B, "ile kitu ya kufagia taa imechoka. Mimi siwezi kushuka njiani kubangusa taa na kikoi. Nitengenezee, wallahi, hata kabla ya breki."

Nilizitengeneza jinsi nilivyofundishwa. Mwalimu wangu wa ufundi kule Thika aliiamini grisi kama watu wengine wanavyoamini maombi. Kikikwama, paka grisi. Kikilia, paka grisi. Usipojua kina nini, paka tena. Nami nilikuwa na zaidi ya miaka kumi Garissa lakini mikono yangu ilikuwa bado Thika. Nikazipakaza zile ekseli ndogo za waipa grisi nzito ya beringi, nje na ndani, nikajisifu. Kwa wiki tatu zilifanya kazi vizuri. Kisha vumbi la huku, ambalo ni laini kuliko unga wa chapati, likaingia kwenye ile grisi, na jua likaipika. Wewe mwenyewe uliikwangua mwezi wa tatu, ukasema ni kama ukoko wa sufuria. Ndiyo hiyo grisi yangu.

Mota ikishindwa kuzungusha mkono wa waipa inazidi kuvuta umeme, na fyuzi inaungua. Fyuzi hiyo ndiyo iliyobeba pia pampu ya maji ya kioo cha mbele. Nikaweka mpya, ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Ilikuwa Alhamisi jioni, na Hassan alikuwa anaondoka na msafara wa alfajiri. Kuzifungua mota zote mbili kungenichukua siku nzima. Kwa hivyo nikachomoa plagi ya kulia na ya kushoto, nikazifunga tepu vizuri zisiingie vumbi, kwa sababu nilikusudia kuzirudia Jumatatu. Fyuzi ikatulia. Kioo kikawa kinarushiwa maji kama kawaida.

Kule Thika tulikuwa na sheria moja, na nakuachia kwa sababu unaenda kusomea kazi hii: ukichomoa kitu kwenye gari la mtu na hujakirudisha, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Dereva akikaa, kabla hajagusa ufunguo, anauliza, "Hiki ni cha nini?" nawe unalazimika kumjibu. Nilikuwa na kitambaa. Kilikuwa mfukoni mwangu wa nyuma, nilijifutia mikono kwacho. Sikukifunga, kwa kuwa kingemwambia Hassan kwamba fundi wake ameshindwa na waipa mbili zenye urefu wa kiganja.

Alfajiri alikuja kuchukua gari. "Na ya taa?" akaniuliza.

"Tayari, Hassan. Nenda salama."

Nimezirudia hizo sekunde mara nyingi sana, zimechakaa kama noti ya zamani. Sikuwa mlevi. Sikuwa na haraka. Ningeweza kusema, "Nimezizima kwanza, ukikuta tope omba kukaa mbele ya msafara." Angenicheka, angeniita fundi wa baiskeli, na angeomba kukaa mbele.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha upande wa Dadaab na laga, ule mto wa msimu, likajaa maji. Msafara ulingoja yapungue, ukachelewa, na jua likazama wakiwa bado njiani. Volvo lilikuwa nyuma ya lori. Hassan alibonyeza swichi, akabonyeza tena. Kioo cha mbele kilikuwa safi. Kutoka kwenye kiti cha dereva huzioni taa zako, na hata huzioni zile waipa, nawe umewahi kukaa hapo ukajionea. Alijua kioo ni safi, na fundi wake alisema tayari, basi akaamini taa nazo ni safi. Akaona mbele giza limezidi, akadhani giza la mvua ndivyo lilivyo. Lile lori la mbele lilikuwa limekwama kwenye tope, limesimama bila taa ya nyuma. Upande wa mama yako ndio ulioingia chini yake.

Hayo ulikuwa unayajua, isipokuwa sehemu yangu. Sasa nakwambia ambalo hakuna binadamu anayelijua.

Waliponiita nilikwenda na pikapu ya kuvuta. Mama yako walikuwa wameshamchukua, na Hassan pia, mguu wake umevunjika. Askari walikuwa kwenye lori. Nilikwenda mbele ya gari. Taa ya kushoto haikuwepo tena. Ya kulia ilikuwa nzima, na juu yake palikuwa na tope nene kama chapati. Kila mtu ambaye angelitazama asubuhi angejua dereva alikuwa haoni kitu. Nikavua shati langu, nikaipangusa ile taa mpaka ikang'aa.

Sijui kama nilifikiri. Nakumbuka tu kwamba sikuhisi kama kioo chake ni cha baridi au cha moto. Ganzi ilinianza hapo, si matangani.

Kulipokucha watu wote waliona taa safi. Wakasema dereva alisinzia, au macho yake yamekwisha. Na Hassan, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini ila fundi wake, akaamini hivyo hivyo.

Baada ya siku arobaini walikuja. Ulikuwa darasa la sita, ulikaa dirishani ukituchungulia. Hassan aliletwa akiegemea fimbo, na wazee wa ukoo wake wakaketi kwenye mkeka uani kwetu. Kwa desturi yao wanatoa mag, ndiyo fidia ya damu, hata kama aliyefiwa si mtu wao. Walikuja kunipa ngamia mimi Mkamba nisiye na ukoo hapa, kwa heshima ileile ambayo wangempa mtu wa kwao. Mzee wao alisema mtu hawezi kuishi mtaa mmoja na damu ambayo haijasemwa. Kisha Hassan akaongea.

"Taa ilikuwa safi, watu wote iliona. Macho yangu ndio ilibotea. Fundi alifanya kazi yake. Walaal, nisamehe."

Walaal ni ndugu. Alinitetea mbele ya watu wake, Ndanu, bila hata mimi kushtakiwa. Nami nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili, akalia juu yake, nami nikasema, "Nimekusamehe." Ngamia niliwakataa. Ningewezaje kuwapokea? Lakini wao hawakujua kwa nini nimekataa, wakasema hawajaona moyo kama huo. Habari ikaenea sokoni. Kanisani katekista akanitaja kwenye mahubiri, na ndiyo sababu niliacha kwenda, si kwa uvivu kama ulivyokuwa ukinitania.

Nilimsamehe mtu ambaye mimi ndiye niliyepaswa kupiga magoti mbele yake.

Halafu ukaandika insha. Darasa la saba, kuhusu mtu unayemheshimu. Ulisimama hapo mlangoni ukanisomea jinsi baba yako alivyosamehe. Mwalimu aliibandika ukutani. Nilikwambia, "Umeandika vizuri, ila 'heshima' haina 'e' mbili." Uliona nimekosa furaha, ukadhani ni kwa sababu ya tahajia.

Miaka sita na ushee imepita. Hassan hajashika usukani tena. Watu walimpa magari, alikataa. Alinunua punda. "Bunda hataki taa, Fundi," aliniambia siku ya kwanza alipotuletea maji, akacheka, nami nikacheka naye. Hebu fikiria mtu anayeweza kucheka hapo, na mtu huyo ni mimi. Alinunua ile miwani ya mchuuzi wa sokoni, uliyomvua siku moja ukaijaribu ukamwambia, "Adeer, hii ni kioo kitupu, haina nguvu yoyote." Akasema inamsaidia kidogo. Nilikuwa nakunywa chai. Niliendelea kunywa.

Gari nililitupa nyuma ya karakana na turubai juu. El Niño mwaka juzi ilipofikisha maji hadi kwenye magurudumu yake, nilikesha nikitumaini mto utalibeba. Haukulibeba. Ulipomaliza kidato cha nne ukasema unataka tulifufue, uende nalo chuo, ungekuwa wa kwanza kufika na gari la mama yako. Ningeweza kukataa. Nilikubali, na sijui ni kwa nini. Pengine nilitaka uipate ile plagi. Ulipoipata, nikakudanganya.

Najua wewe hutaki baba anayejisema vibaya tu, kwa hivyo nikiri pia nililoona. Kwa miezi mitano tuliyolinyoosha na kulifufua nilikuona ukifanya kazi kunishinda. Mota ile ya kulia niliyoisema imekufa, uliifungua. Ulisugua brashi zake za kaboni kwa msasa laini, ukaosha meno ya plastiki kwa mswaki na mafuta ya taa, ukaunga waya mwekundu na mweusi kwenye betri, ikaguna, ikazunguka. Ya kushoto ulimwagiza utingo wa basi akakuletea kutoka kwa gari bovu la Nairobi. Mpira wa maji uliopasuka uliubadilisha kwa mpira wa dripu. Ufito wa raba uliukata kutoka kwa waipa ya lori, na mahali ambapo mimi nilijaza grisi, wewe ulitia tone moja la mafuta ya cherehani, ukapangusa yaliyozidi, ukaivisha ekseli kofia ya tyubu ya baiskeli vumbi lisiingie. "Huku mafuta ni gundi, Baba," uliniambia. Hilo nililijua kwa gharama ambayo ulikuwa huijui.

Tena uligundua kitu ambacho mimi sikukijua miaka yote. Uliachia swichi katikati na mkono wa waipa haukusimama hapo. Mkono huo uliendelea hadi ukalala mahali pake chini ya taa. Ukafungua tena kutafuta sababu, ukanionyesha kibati kidogo cha shaba ndani ya mota kinachoendelea kuupa umeme hadi umalize safari yake, hata kama dereva ameshaondoa kidole. Ulifurahi siku nzima. Mimi nilienda nyuma ya tangi la maji nikakaa.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Leo asubuhi Hassan alipoleta maji, kabla hajashusha mtungi wa kwanza, nilimwambia. Nilimwambia yote, plagi, tepu, kitambaa ambacho sikukifunga, na shati. Lugha yangu ilikuwa mbovu kuliko yake, maneno yalitoka bila mpangilio. Alisikiliza akiwa ameshika hatamu ya punda.

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani nilikuwa natamani. Alisema, "Nionyeshe."

Nikaingia garini, akasimama mbele. Nikabonyeza. Maji yakaruka, waipa zikafagia taa zote mbili, zikarudi zikalala. Akaniashiria kwa mkono tena. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu akaniashiria niache. Akakaa chini pale pale mchangani, mtu mzima, mbele ya gari.

"Mimi nilifikiria nililala," alisema. "Kila siku najiuliza. Hassan, ulilala macho wazi? Hassan, ulikuwa nafikiria nini? Miaka sita, Fundi. Nimeuliza mbaka kwa swala."

Aliinuka, akampiga punda kidogo, akaenda, kwa sababu watu walikuwa wanangoja maji yao.

Baada ya adhuhuri alirudi, hana punda, amevaa kanzu safi. Hakusalimu. "Lete funguo." Nikampa. Akakaa kwenye kiti kwa muda mrefu kabla ya kuwasha, kisha akaondoka, akaelekea darajani. Nilidhani harudi. Nilikuwa nimesimama pale pale aliponiacha aliporudi. Hakushuka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na alikuwa analia, machozi yanaingia kwenye ndevu, uso wake ukitazama mbele tu.

"Macho yangu ilikuwa sawa," alisema. "Siku ile. Ilikuwa sawa kabisa."

"Ilikuwa sawa, Hassan."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Aibu, woga, kuogopa kukupoteza wewe, yote ni kweli na yote ni madogo mno. Nikamwambia sijui. Hapo ndipo nilipohisi kitu kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya shati, chini ya mbavu, kikali. Kilidumu kidogo kikaondoka. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu sitaki kukuficha chochote tena, hata kidogo kama hicho.

Halafu akanipa masharti yake. Ijumaa, wazee walewale watakuja kwenye mkeka uleule, nami nitasema mbele yao nilichomwambia. Nimekubali. Wewe utakuwa umeshaondoka, na nadhani ni vizuri. Mtaani watasema watakayosema. Ukirudi likizo utayakuta, ndiyo maana nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

La pili lilikuhusu wewe. "Huyu mtoto amekula uongo nyumba hii miaka sita," alisema. "Leo utamwambia, kwa mkono yako. Na kesho mimi ndio nambeleka Nairobi. Wewe utabaki."

Nilitaka kukataa. Nimenyoosha shati la kusafiria tangu jana, nimepanga jinsi ningekubebea sanduku mpaka mlango wa bweni, ningewaona wenzako, ningemkabidhi matroni jina lako. Nilikuwa nimepanga hata mzaha wa kusema nikiondoka. Lakini niliyakumbuka macho yake yalivyokuwa kwenye mkeka ule nilipomwambia nimemsamehe, nikajua sina haki ya kudai hata kiti cha nyuma. Nikamwambia sawa.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Ukija kufanya kosa, na utafanya kwa kuwa wewe ni mtu, usiharakishe kuomba msamaha ili ulale vizuri. Sema kwanza ulichofanya, chote, halafu umwache yule mwingine achukue muda wake. Ni hilo tu ninalolijua, na nimelijua leo.

Mama yako alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa akinisema mimi na jino langu bovu ambalo sikutaka kulipeleka kwa daktari. Nilicheka naye.

Nakupenda, Ndanu. Najua nakupenda kama ninavyojua jina langu, hata siku ambazo sihisi, na siku hizo zimekuwa nyingi. Ulipokuwa unakua umeniona nikikaa kimya mezani ukafikiri ni wewe. Haikuwa wewe hata siku moja.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako na nitaondoka nyumbani mpaka umalize kuisoma. Nitalala hapa karakana. Usijilazimishe kuja.

Kesho saa kumi na mbili Hassan atakuja kukuchukua. Mtu aliyeniamini kuliko alivyoyaamini macho yake ndiye atakayekuendesha, na mimi sijawahi kuwa na amani zaidi kuhusu safari yako. Nitakuwa nyuma ya karakana, upande wa tangi. Ukitaka kuniaga, nitakuwepo hapo. Ukitaka kupita bila kunitazama, upande huo hauonekani kutoka barabarani, nami nitalisikia gari likiondoka.

Baba yako,
Mutua